Kaka Anayeniita Tanga

Barabara ya Kumi na Moja,
Ngamiani, Tanga.
18 Februari 2024

Mdogo wangu Redempta,

Pokea salamu za kaka yako Fabiano. Natumaini mko wazima hapo Ikungi, wewe, binti yako Dina na mtoto wake, na baba mdogo Nathan na kifua chake. Huku hatujambo, twashukuru Mungu, isipokuwa joto. Usiku hata shuka ni adui.

Nimekaa miezi mitatu bila kukuandikia, nisamehe. Sijasahau tulivyokubaliana kwenye matanga ya baba, kwamba neno la maana tutaliandika, kwa kuwa kwenye simu mimi na wewe tunaishia kukatiana.

Habari za mji ni nyingi. Mtaa wetu umechimbwa mitaro ya maji ya mvua pande zote mbili, na kila nyumba imeweka ubao wa kuvukia. Jumatatu ya Pasaka kuna mashindano ya baiskeli, kutoka hapa Ngamiani hadi Raskazone na kurudi. Twasikia watakuja watu wa Pangani na Muheza. Vijana wa matarumbeta wanafanya mazoezi kila jioni nyuma ya msikiti, na yule wa ngoma kubwa hajaelewana na wenzake bado. Mwenyekiti wa mtaa anapita na kipaza sauti kutangaza usafi wa Jumamosi. Yasemekana asiyetoka atatajwa jina hadharani.

Kazi ya baiskeli inaendelea polepole. Ukiona mwandiko umebadilika, usishangae. Niliteguka kifundo cha mkono nikikaza gurudumu, nikaomba mtu aniandikie.

Wasalimie wote wanaoniuliza.

Kaka yako,
Fabiano


Ikungi, Singida.
20 Machi 2024

Kaka Fabiano,

Shikamoo. Sisi tunaendelea. Dina hajambo, mtoto wake ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu. Baba mdogo Nathan anakohoa lakini haachi kusema. Mvua zilizidi, mtama wa bondeni umesimama vizuri, alizeti imeoza mizizi upande wa barabara. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha.

Mimi ni mzima, ila wiki mbili zilizopita niligongwa na bodaboda siku ya mnada. Usitishike, ni bega tu, lilivimba, sasa uvimbe umeshuka. Yule kijana alitokea ubavuni kama aliyechomoka ardhini, kisha akanifokea kwamba amepiga honi na mimi nimemwingilia. Watu wakamtetea yeye. Siku hizi vijana hawana adabu.

Sasa kaka, jambo lenyewe. Serikali ya kijiji imetangaza kwamba upimaji wa mashamba utafika kwetu wiki ya kwanza ya Juni. Kila ukoo usimame kwenye mipaka yake, majina yaandikwe, hati za kimila zitolewe. Shamba la baba ni letu wawili, na wewe ndiye mkubwa. Unatakiwa uwepo. Nakuomba uanze kujipanga mapema.

Na kuhusu mwandiko, nimeuona. Umelala upande mmoja kama wa karani. Lakini si mwandiko peke yake. "Twashukuru", "twasikia", "yasemekana", hayo si maneno ya mtu wa Ikungi hata kama amekaa pwani miaka thelathini. Barua zako za zamani zilikuwa za kwako. Ulinieleza kanga waliyovaa wanawake wa harusini, na rangi ya baiskeli uliyoitengeneza. Hii ya sasa kila habari ni ya kusikia. Kwani wewe huna macho ya kwenda kuona mwenyewe?

Nijibu kuhusu Juni.

Mdogo wako,
Redempta


Ngamiani, Tanga.
7 Aprili 2024

Mdogo wangu Redempta,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mtoto na za mbuzi. Mpe pole baba mdogo.

Hiyo ajali imenikosesha raha. Nataka unijibu sawasawa. Bodaboda ilitokea upande gani, kushoto au kulia? Honi hukuisikia, au uliisikia ukatazama usiione? Na je, umewahi kujikwaa au kugonga vitu hapo nyumbani, kama mlango, kigingi cha mbuzi, ndoo? Usinijibu kwa mkato.

Mashindano ya baiskeli yalifanyika. Alishinda fundi mmoja wa Makorora mwenye umri wa miaka sitini na mbili, vijana wakabaki kusema mnyororo umeruka. Sasa mji mzima unangoja mwezi uandame. Mahali hapa wakati wa mfungo jioni hunukia bizari na tambi za nazi mpaka sisi Wakristo tunaona njaa.

Redempta, nina wazo. Kuanzia tarehe tatu hadi nane Juni kutakuwa na Wiki ya Mtaa wetu. Hii ni mara ya kwanza. Kutakuwa na matarumbeta, mashindano ya kupika, mpira wa wazee na vijana, na shule ya msingi ya hapa jirani, kwa kuwa wanafunzi watakuwa likizo, itatumika kwa vipimo vya afya bila malipo: presha, sukari, meno, macho. Kila mtu anaalika ndugu zake. Mimi nakualika wewe. Nauli ya kuja na kurudi ni juu yangu. Hujawahi kuiona Tanga tangu nihamie, na umri unakwenda.

Njoo wiki hiyo, si nyingine. Nakuomba sana.

Kaka yako,
Fabiano


Ikungi, Singida.
5 Mei 2024

Kaka Fabiano,

Shikamoo. Sisi wazima. Karanga tumeng'oa, si nyingi. Dina amepata kibarua cha kupika kwenye mgahawa wa stendi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ni mapenzi. Mara ya pili nikahesabu tarehe. Mara ya tatu nikamsomea baba mdogo Nathan, naye akaweka kikombe chini, akasema, "Mtu anayekuita matembezini siku shamba linapopimwa, huyo hakuiti wewe. Analiondoa jicho lako shambani."

Nikamwambia, "Baba mdogo, huyu ni Fabiano."

Akasema, "Una hakika?"



Nilikuuliza kuhusu Juni, hukunijibu hata mstari mmoja. Hukusema utakuja, hukusema hutakuja. Badala yake unaniuliza habari za vigingi na ndoo, kama mtu anayetafuta kujua nimedhoofika kiasi gani. Kwa nini? Nani anataka kujua?

Tena nilimuuliza Chrispin, yule konda anayetuletea barua hizi. Nikamwambia, "Kaka yangu anaonekanaje siku hizi?" Akanijibu, "Mama, huyo kaka yako sijawahi kumtia machoni. Barua analeta mwanamke. Mtu mzima, mnene kidogo, anafunga ushungi. Anasubiri mpaka basi liondoke." Ni nani huyo? Hujawahi kuniandikia kwamba una mwanamke. Mkono ulioteguka Februari mpaka leo haujapona?

Nitasema ninachokiogopa. Naogopa kaka yangu amekufa au amefungiwa mahali, na kuna mtu anayekula jina lake. Kama mimi nikija Tanga tarehe tatu, tarehe nne atatokea mtu hapa na karatasi, aseme yeye ni wakili wa Fabiano.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja. Kibuyu cha bibi cha kukamulia maziwa kilivunjwa na nani, na aliyechapwa ni nani? Hilo tulikuwa wawili tu. Ukishindwa kulijibu, wewe unayeandika, jua kwamba nitapeleka barua zote hizi polisi.

Redempta


Ngamiani, Tanga.
24 Mei 2024

Redempta,

Marahaba, ingawa safari hii hukuiandika kama mtu anayesalimia.

Kibuyu ulikivunja wewe, ukikimbizana na ndama. Nilichapwa mimi. Bibi alitumia mchapo wa mti wa mkole, na wewe ulisimama mlangoni unanitazama, ukanyamaza. Una miaka hamsini na moja sasa na bado hujamwambia mtu. Je, ni mimi au si mimi?

Umeniumiza. Umesoma barua ya kaka yako mbele ya baba mdogo, mtu ambaye tangu ujana wetu hakuwahi kuona heri bila kuulizia shari iliyo nyuma yake.

Mwanamke ni Febronia. Alikuwa karani wa parokia, sasa amestaafu, anauza vitumbua. Ni jirani. Ananiandikia kwa kuwa nimemwomba. Hayo yanatosha.

Shamba unalilia, basi lichukue. Humu ndani ya bahasha nimeweka karatasi. Nimesema mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili kwamba sehemu yangu yote ni yako, na baada yako ni ya Dina. Sina haja ya kuwepo kwenye mpaka wowote. Mpe Dina asimame shambani, ana akili kuliko sisi.

Baada ya hapo huna sababu iliyobaki ya kukataa. Njoo Wiki ya Mtaa. Ratiba imebandikwa hadi kwenye nguzo za umeme. Vipimo ni kuanzia Jumatano hadi Jumamosi. Usipokuja, karatasi hiyo haitakufaa kitu.

Fabiano


Ikungi, Singida.
19 Juni 2024

Kaka Fabiano,

Shikamoo.

Na wewe Febronia unayemsomea, salamu. Soma yote, usiruke.

Nilikuja.

Karatasi yako ilipofika, niliona chini yake dole gumba. Wewe, uliyekuwa unasifiwa darasani kwa sahihi yenye mkia, umeweka dole gumba kama mtu asiyejua kusoma. Nilikaa nayo mapajani hadi ugali ukaungua. Kibuyu ulikijua, na bado sikuamini. Nikafikiri, basi yu hai, lakini kuna mtu anamshika mkono na kumchovya kidole kwenye wino. Nikamwambia Dina, "Simama shambani. Nikiulizwa, nimeenda kliniki." Nikapanda basi Alhamisi alfajiri, tarehe sita. Sikukuarifu kwa makusudi. Nilitaka kuwakuta kabla hamjajipanga.

Nililala nyumba ya wageni karibu na stendi. Ijumaa asubuhi nikaja Ngamiani. Sikuhitaji kuuliza sana, niliwafuata watu na matarumbeta mpaka shuleni. Kulikuwa na mahema, na wanawake wa mashindano ya kupika wanagombana kuhusu mkaa. Nikasimama nyuma ya watu, kanga nimejitanda usoni.

Nikakuona.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la macho, umevaa shati la drafti. Umekonda. Una fimbo nyeupe magotini. Watoto walipita mbele yako wakikimbia, wewe uligeuza kichwa wakiwa wameshapita. Ndipo nilipoelewa, kaka. Nilielewa yote pale pale, mkono na dole gumba na mambo ya kusikia. Nikakumbuka nilivyokuandikia kuhusu macho. Nilitaka ardhi inifiche.

Kulikuwa na muuguzi mwenye daftari. Akasema, "Mzee, namba kumi na tisa bado hajafika? Leo ni siku ya tatu tunamshikia."

Febronia akamjibu, "Ni dada yake. Anatoka mbali, Singida. Juzi nilikwenda kungoja basi la mwisho, hakushuka."

Muuguzi akasema, "Kesho ndiyo mwisho, daktari anaondoka."

Wewe ukasema, "Atakuja. Ni mbishi, lakini atakuja."

Nilisogea. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Nilikanyaga kopo, ukageuza uso, ukauliza, "Nani hapo?"

Febronia alinitazama, nikaona anajiuliza sura hii ameiona wapi, nikageuka nikaondoka. Wakati wa kutoka niligonga nguzo ya lango kwa bega lilelile. Sikuiona. Nilipoingia niliiona mbele yangu, na wakati wa kutoka sikuiona.

Hilo ndilo lililonikimbiza. Ningesema "ni mimi", ungenishika mkono na kunipeleka kwenye lile turubai. Nami nilijua watakachoniambia. Unauliza kuhusu vigingi na ndoo? Nimegonga kila kitu katika nyumba hii. Dina anapanga vyungu, mimi navibomoa. Usiku siendi chooni peke yangu. Nimemwambia ni miguu. Jumamosi nilikuwa ndani ya basi narudi, na namba yangu ikabaki bila mtu.

Sasa ni zamu yako. Wewe ulijua nini kuhusu macho yangu ambacho mimi sikukijua? Na ulikijua tangu lini?

Redempta


Ngamiani, Tanga.
6 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Febronia amesoma yote. Alipofika kwenye namba kumi na tisa alitoka nje, akarudi akaendelea.

Barua ile ya Machi aliruka ule mstari wa macho. Nilimsikia anavuta pumzi kisha sentensi ikaja haijakaa sawa. Nikamwambia arudie, akarudia. Sikukasirika. Ulikuwa husemi nami, ulikuwa unasema na mtu unayemtilia shaka, na haki ya kunitilia shaka ulikuwa nayo.

Naitwa kipofu tangu Desemba mwaka jana. Kabla yake nilikuwa naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba la baiskeli: katikati pako wazi, pembeni hakuna kitu. Jicho haliumi, halichomi. Nilipoenda hospitali daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kisha akaniuliza, "Kwenu kuna mwingine?"

Nikamwambia baba yetu alipofuka uzeeni.

Akasema, "Si uzee huo. Ugonjwa huu unakwenda na damu. Waambie ndugu zako wa tumbo moja wapimwe mapema, wote. Ukiwahiwa unazuiwa kwa dawa ya matone."

Hayo niliambiwa Agosti mwaka juzi. Ni karibu miaka miwili, Redempta. Nilijua.

Sina utetezi, nina sababu tu. Unakumbuka nilipokuja likizo, macho ya baba yakiwa yameshafifia? Alikuwa anapapasa meza akitafuta bakuli la mlenda, akaligusa likamwagika, nami nikacheka mbele ya wageni. Kuanzia siku ile mkampa chakula chake pembeni. Nilipoanza kupofuka mimi, nilichoona mbele yangu ni ile pembe ya nyumba. Nilijua nikikwambia wewe habari ya kupimwa, nitalazimika kukwambia kwa nini, na ukijua utakuja kunichukua, na nitawekwa pale alipokuwa baba. Nikasema nitaandika mwezi ujao. Mwezi ujao nikaandika habari za baiskeli.

Ulipotaja bodaboda iliyotokea ubavuni, nilitambua dalili zangu. Ndipo nikatafuta njia ya kukuleta kwenye vipimo bila kusema neno. Nilidhani nina ujanja. Kumbe nilikufanya uone mwizi.

Ulipopita karibu yangu sikukutambua. Nimelifikiria hilo kila siku.

Usinijibu barua hii. Nenda hospitali kwanza, Singida au Dodoma, usingoje mavuno. Ila nakuomba kitu kimoja, baba mdogo na ukoo wasijue habari zangu. Waambie umekwenda kwa sababu ya miguu.

Fabiano

Dada Redempta, hapa ni mimi Febronia, yeye hajaniambia niandike hili. Mimi si jirani. Tulifunga ndoa parokiani Januari mwaka jana, watu sita tu. Anasema atakuambia, kama alivyosema kuhusu macho. Nimechoka kuandika barua zenye mashimo. Barua zako nazo mistari inapandana, na mwisho wa kila mstari neno linaanguka pembeni ya karatasi. Nilimwambia tangu Machi. Nenda upimwe, nakusihi.


Ikungi, Singida.
14 Septemba 2024

Kaka Fabiano,

Shikamoo. Shikamoo na wewe wifi, maana sasa najua ninayemwamkia. Barua hii anaandika Dina, mimi nasema. Siyo kwamba siwezi. Daktari amenikataza kukaza macho kwa mwezi huu, na Dina amekuwa mkali kuliko daktari.

Tulikwenda Dodoma mwishoni mwa Julai. Waliniweka mbele ya chombo kama beseni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikiona nuru ndogo. Nilikaa nangoja, nikafikiri mashine haijawashwa. Nilimwuliza binti anayeiendesha, "Mtaanza saa ngapi?" Akasema, "Mama, tuko katikati."

Jicho la kushoto pembeni pote hakuna kitu, na hakitarudi. La kulia limeguswa kidogo. Hilo watalishikilia kwa matone, kila siku hadi siku nitakayozikwa. Dina amepimwa, hana kitu, atarudia kila mwaka.

Nilimuuliza daktari, "Ningekuja miaka miwili iliyopita?" Akageukia karatasi zake. Nikamwambia, "Sema tu, mimi ni mtu mzima." Akasema kushoto pengine pangebaki nusu.

Nusu ya jicho, kaka. Hiyo ndiyo niliyopoteza wewe ukiniandikia nani ameshinda baiskeli. Sijakusamehe. Sitaki uniombe sasa, kwa kuwa ukiniomba nitasema ndiyo kwa adabu tu, na nitabaki nayo tumboni. Mimi pia nimejificha, na hapa nyumbani nilimdanganya Dina, kwa hiyo sisemi mimi ni msafi. Lakini wewe uliambiwa na mtu mwenye cheti.

Ulichoniomba sikukifanya. Jumapili ya pili ya Agosti niliita ukoo wote, ndugu za baba na watoto wao, nikawasomea barua yako ya Julai. Yote. Niliposoma habari ya bakuli la mlenda watu walitazama chini, maana si wewe uliyempelekea baba chakula pembeni, ni sisi. Baba mdogo Nathan alisimama akasema haya ni mambo ya kurogwa, na mtu asidanganywe na karatasi za pwani. Nikamwambia aokote sindano niliyoiweka kwenye kigoda kando yake. Aliipapasa, kaka. Aliipapasa muda mrefu mbele ya watoto wake, na hakuna aliyecheka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Tulikodi gari, tukaenda Singida mjini watu kumi na wanne. Wawili wamekutwa nao: baba mdogo, ambaye amechelewa, na Evodia, binti yake mdogo, ambaye ana miaka ishirini na tisa na hajachelewa hata kidogo. Anashona sare za shule, angejua siku gani? Mama yake alinikumbatia mpaka kitambaa changu kikaanguka. Sikumwambia kwamba shukrani ile ni yako. Utaipokea mwenyewe, pamoja na lawama, zote ni zako.

Shamba limepimwa. Dina alisimama kwenye kila kona na kamba mkononi, akagombana na jirani wa chini kuhusu hatua nne, akazipata. Karatasi yako ya dole gumba sikumpa mtu. Niliichana nikawashia moto. Hati itatoka na majina mawili, lako kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Baba mdogo ameuliza utakuja lini. Sasa anataka mtu wa kuzungumza naye juu ya kuishi hivyo, anasema sisi tunaoona tunamsemesha kama mtoto. Na huyo mke wa harusi ya watu sita auletee ukoo wake sura yake, hatuwezi kuwa na wifi wa kwenye bahasha.

Chrispin anasema basi la Desemba hujaa mapema, mkate tiketi Novemba. Hutakaa pembeni. Utakula mezani, na ukimwaga utapangusa.

Njoo, kaka. Nina mengi ya kukugombeza, na Dina anasema karatasi imekwisha.

Mdogo wako,
Redempta